Siku ya Kura Tulikuwa Mlangoni mwa Kontena

Vijana wangu, mkinikuta pale chini ya jengo letu la Xiaobei, huku Uchina, huwa mnaniuliza mambo mawili tu: kilo sasa inakwenda bei gani, na kwa nini mzigo wa fulani umefika Dar kabla ya wenu. Hakuna anayeniuliza kuhusu kura ya shule. Wengi wenu hamkuwepo, na waliokuwepo wananyamaza kwa kunionea haya. Basi leo nawasimulia mwenyewe. Nimeshastaafu, ofisi nimemwachia mpwa wangu, na tiketi ya kurudi Tanga ninayo. Sina mteja wa kumbembeleza tena.

Kazi yangu mnaijua. Mfanyabiashara anatua uwanja wa ndege wa Baiyun na begi moja, anashinda kwenye majengo ya nguo ya Guangyuan Xilu, jioni wapakiaji wananiletea marobota yake kwa mkokoteni. Mimi napima, naandika jina, nachanganya na ya wenzake mpaka kontena linajaa. Kwa maneno ni kazi nyepesi. Jaribuni kuwapanga akina mama wa Kariakoo watano na Wazanzibari watatu ndani ya kontena moja, kila mmoja akiamini mzigo wa mwenzake ndio unaopaswa kukaa chini, ndipo mtajua kwa nini nina presha.

Aliyenifundisha ni marehemu Mzee Mdoe, mtu wa Handeni, mfupi, mkali, mwenye kofia moja ya sufu aliyoivaa hata joto la mwezi wa saba. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba jina huandikwa pande tatu za robota kwa kuwa upande mmoja lazima utachanika. Viatu vilivyonyeshewa usivipime, subiri vikauke, la sivyo mtamaliza kwa ngumi. Na kitu chochote cha maji hakikai juu ya nguo, hata mwenye mali akuapie kwamba kimefungwa vizuri. Hilo la mwisho alilijua kwa kuumia. Siku za nyuma aliwahi kupakia shampuu juu ya mashela ya harusi ya mteja wa Moshi. Mashela yalifika yana rangi ya waridi na yananukia matunda. Mteja yule hakufoka. Aliyauza yote kama mtindo mpya, akapiga simu kuomba mengine ya namna ileile! Mzee Mdoe alikuwa akisimulia hilo huku akicheka mpaka kofia inamvuka, kisha ananigeukia, uso umekunjamana: "Wewe hutakuwa na bahati ile. Weka chini."

Lakini somo kubwa la kazi hii ni mlango. Mzigo unaoingia kwanza unakaa ndani kabisa, na Dar utatoka mwisho. Unaopakiwa mwisho unakaa mlangoni, na huo ndio unaowahi sokoni. Kila mtu anataka mlangoni. Mtu wa nje hawezi kuelewa watu wazima wanavyoweza kusukumana kwa ajili ya nafasi ya robota moja. Na kontena likijaa, limejaa. Nilikuwa na mteja wa Mbeya, kijana mpole, akaenda kula wali wakati wa kupakia. Aliporudi kontena limeshaondoka na marobota yake yameachwa sakafuni. Alikaa juu yake akalia. Tangu siku hiyo kila mteja wangu mpya nilimwambia neno moja kabla hata ya kumpimia: usiondoke mpaka uone sili imepigwa. Sili ni kile kifungo cha chuma kinachofunga mlango wa kontena. Nililisema neno hilo mara nyingi kiasi kwamba watu walikuwa wakinitania nalo kwenye harusi, eti bwana harusi asiondoke mpaka aone sili.

Sasa shule. Tulipoanza tulikuwa na watoto wachache waliokuwa wakikaa kwenye mkeka nyuma ya mgahawa, mwalimu mmoja, kila Jumamosi. Watoto wetu wa hapa husoma shule za Kichina wiki nzima, wanarudi nyumbani wanaongea kama watangazaji wa televisheni ya hapa, na bibi zao wakipiga simu kutoka nyumbani hawaelewani. Ndiyo sababu tukaanzisha Jumamosi ya Kiswahili. Kisha watu wakaongezeka. Wakaja wa Mwanza, wa Moshi, wa Unguja, Wakenya wakaomba watoto wao nao waingie, hata Mkongo mmoja akaleta mapacha. Tukahamia ukumbi ghorofa ya juu ya hoteli. Nao ukajaa. Watoto wakawa wanaandikia magotini.

Katika watoto hao alikuwemo Zuhura. Baba yake, Hamisi, alikuwa mteja wangu wa vipuri vya simu na mtu wa kwetu, wa Muheza. Alioa Mchina, jina lake Lin, fundi cherehani. Hamisi alirudi nyumbani kutibiwa na hakurudi tena. Alizikwa Muheza, Lin akiwa huku na mtoto mdogo. Mwanamke yule angeweza kurudi kwa wazazi wake, ajifanye hakuwahi kumjua mtu anayeitwa Hamisi. Badala yake kila Jumamosi alikuwa akimleta Zuhura shuleni, anakaa kwenye ngazi nje ya ukumbi, anashona vifungo, anasubiri.

Sababu ilikuwa bibi. Mama yake Hamisi, Bi Mwanaasha, alikuwa akinipigia mimi, maana namba aliyokuwa nayo ni yangu. "Tunu mwanangu, nipe mjukuu wangu nimsikie." Nami namwita Lin aje na mtoto ofisini, naweka simu sauti ya juu katikati ya marobota. Bibi anaongea upande ule, Zuhura anaangalia simu upande huu, na mimi ndiye mkalimani. Siku moja, baada ya miezi ya Jumamosi, Zuhura akasema mwenyewe bila mimi: "Shikamoo bibi. Umekula?" Kule Muheza nikasikia mtu mzima analia kama mtoto. Kuanzia hapo Bi Mwanaasha akawa ananiambia kila tukiongea: "Mwache asome huyo. Nataka nimwambie habari za baba yake mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, kabla sijaondoka."

Kumbukeni maneno hayo, maana ndiyo niliyoyagombea.

Ukumbi ulipofurika, kamati ya shule ikaanza kubishana nani apunguzwe. Bwana Erasto, mfanyabiashara wa vifaa vya umeme kutoka Mwanza, akapendekeza kwamba wabaki watoto ambao mzazi wao ni mwanachama wa umoja wetu wa Watanzania na majirani zetu, basi. Msije mkamchukia. Erasto ni mtu wa haki, mwenye watoto watatu pale, na hoja yake ilikuwa na miguu: mtoto akiugua au akivunja kioo, kamati imtafute nani? Lakini Lin alikuwa Mchina, hivyo hakuweza kuwa mwanachama, na Hamisi alikuwa kaburini. Sheria ile kwa Zuhura ilikuwa kufungiwa mlango. Na hakuwa peke yake. Walikuwepo wengine ambao baba zao walikwenda nyumbani mara moja, na hiyo mara moja haikuisha.

Kamati ilikuwa imegawanyika sawasawa juu ya jambo hili, na kiti kimoja kilikuwa wazi, cha kupigiwa kura na wanachama wote. Atakayekikalia ndiye atakayeamua. Erasto akachukua fomu. Nami nikachukua.

Nilivyocheka mwenyewe siku ile! Mimi ambaye hotuba yangu ndefu kabisa maishani ilikuwa "leta, pima, ondoka." Sikujua kampeni inafanywaje, nikaifanya kama ninavyotafuta mizigo. Nilisimama karibu na mizani. Mtu akiweka robota namwambia, "Kabla sijasoma kilo, una mtoto shuleni?" Akiwa naye, tunaongea. Nikazunguka kwenye migahawa, kwenye saluni, nikaenda mpaka vyumba vya hoteli wanakolala watu wanne wanne. Erasto alipita njia tofauti. Alivaa suti, akaandaa chai, akazungumza vizuri. Tulikutana kwenye lifti, akaniambia, "Mama, ukinishinda nitakupongeza." Nikamwambia, "Na ukinishinda wewe, nitakutoza kilo kamili bila huruma." Tukacheka wote.

Na watu walikuwa nami. Hili nawaambieni bila majivuno. Wazazi wanaobeba marobota, mama ntilie, madereva, Wakenya wale, wote waliniambia, "Mama Tunu, kura yako ipo." Wengi wao walikuwa wateja wangu. Hapo hapo ndipo jambo lilipoharibikia, ila sikuliona.

Wazee wa umoja walipanga kura Jumapili ya mwisho kabla ya Mwaka Mpya wa Kichina. Walisema siku hiyo kila mtu yuko mjini, na ni kweli. Sote tunakuwa mjini kwa sababu viwanda vinafungwa, maduka yanashusha milango, wapakiaji wanapanda treni kwenda vijijini kwao, na usipotoa mzigo wiki hiyo utaukalia mpaka likizo iishe, huku nyumbani wateja wamekwenda kwa mwingine. Nilikuwa na kontena la mwisho. Lilikuwa liletwe Ijumaa. Nikahesabu kwamba Ijumaa tutapakia, Jumamosi tutalala, Jumapili tutapiga kura tukiwa tumeoga.

Ijumaa lori halikuja. Foleni bandarini. Jumamosi nampigia dereva, ananijibu neno lile mnalolijua, "meiyou", hakuna, hakuna kontena, hakuna nafasi, hakuna. Jumapili adhuhuri, wakati watu wameanza kuelekea hotelini kupiga kura, lori likaingia uani kwetu likipiga honi.

Mungu wangu, habari zilivyokimbia! Watu waliokuwa ngazini mwa hoteli wakageuza. Waliokuwa kwenye treni ya chini ya ardhi wakashuka kituo cha mbele wakarudi. Ndani ya muda mfupi ua wangu ulikuwa umejaa watu, marobota na kelele, na wapakiaji waliobaki walikuwa wachache na wachovu, wakifanya kazi huku wanatazama saa za treni zao. Tukaanza kupakia. Vitu vizito chini, vyepesi juu, kama nilivyofundishwa. Saa za kura zikawa zinakwenda.

Nikapanda juu ya robota nikapaza sauti. "Jamani, hoteli iko hapo tu. Nendeni kwa zamu, mpige kura, mrudi. Mizigo yenu nailinda mimi."

Hakuna aliyetikisika. Nikamshika mkono Mama Jeni, muuza nguo za watoto, ambaye bintiye alikuwa darasa moja na Zuhura. "Mama Jeni, wewe nenda kwanza."

"Niende wapi? Marobota yangu bado hayajaingia."

"Yataingia. Nakuahidi."

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Mama Tunu, si wewe uliyeniambia nisiondoke mpaka nione sili?"

Nikamgeukia Otieno, yule Mkenya wa viatu, mtu aliyenifanyia kampeni kwa mdomo mpana kuliko wangu. "Otieno baba, angalau wewe."

"Mathe, kura ni yako, hiyo ujue," akasema, mkono umeshika mlango wa kontena. "Lakini sibanduki hapa. Ukifunga tu, naenda mbio."

Wote walisema hivyo. Mama, ukifunga tu. Na mimi je, ningewaacha niende nikasimame kwenye ukumbi mtupu kujipigia kura moja? Mali zao zote za msimu zilikuwa pale. Ningeondoka, wangepigana. Mjue kwamba nilifikiria kuondoka. Nilifikiria sana, nikamwona Lin akilini, kwenye ngazi zile na sindano yake, nikabaki palepale nikiwaonyesha wapakiaji pa kuweka.

Sili ilipopigwa tukakimbia wote. Mngetuona mngecheka: kundi la watu wazima wenye vumbi la maboksi, wengine wana selotepu bado mkononi, wanakimbia barabara ya Xiaobei na bibi mmoja mnene mbele yao. Tulipofika ukumbini vijana walikuwa wanapanga viti juu ya viti. Kura zilikuwa zimeshahesabiwa. Walionipigia walikuwa wachache, wazee na wasafiri wasiokuwa na mzigo. Otieno alianza kufoka kwamba kura irudiwe, nikamzuia. Saa ya kufunga kura ilikuwa imetangazwa, kila mtu aliijua.

Erasto akanijia, tai amelegeza. Uso wake haukuwa wa mshindi. "Mama, nilikuwa naangalia mlango muda wote. Nilidhani mtakuja."

"Tulikuwa tunapakia," nikamwambia.

Lin alikuwa bado ngazini, na Zuhura amevaa gauni jekundu la sikukuu. Walikuja ili nikishinda waniletee machungwa, ndiyo desturi ya hapa wakati wa Mwaka Mpya. Sikuhitaji kumweleza. Alisimama, akanipa mfuko wa machungwa vilevile kwa mikono miwili, akamshika mwanawe, wakashuka. Nililia kwenye ngazi zile, nawaambia kweli, nililia mbele za watu na sikujali.

Sheria ikapita. Nilijaribu kumfundisha Zuhura mwenyewe ofisini Jumamosi, lakini mimi si mwalimu. Nikianza "hii ni nyumba", mteja anaingia na robota, simu inalia, mtoto anabaki ameshika kalamu. Baadaye Lin akapata kazi kiwandani, mji wa Foshan, wakahama, na zile Jumamosi zikawa za mara mojamoja, kisha zikaisha. Mtoto husahau haraka kama alivyojifunza. Tulipopiga simu Muheza, salamu ikabaki "shikamoo" peke yake, kisha akawa anaisema kwa kunong'ona, anaangalia mdomo wangu kama amekosea.

Haki ya mtu nimpe: Erasto mwenyewe ndiye aliyeifuta ile sheria. Walipopata ukumbi mkubwa zaidi alisimama kwenye mkutano akasema tuliwaonea watoto, na mlango ukafunguliwa kwa wote. Leo mkipita Jumamosi mnawasikia wakiimba mpaka barabarani. Nafurahi, nisiwadanganye. Ila Zuhura alikuwa Foshan, mkubwa sasa, na Jumamosi alikuwa na masomo ya ziada ya shule yake ya Kichina.

Mwaka huu Bi Mwanaasha aliugua. Mtoto wake wa kike akanipigia: "Mama Tunu, mama anamtaka mjukuu wake. Usicheleweshe." Nikamtumia Lin ujumbe, wakaja siku hiyohiyo kwa treni. Zuhura ni msichana mrefu siku hizi, na ana kipaji cha uso cha Hamisi. Nikaweka simu mezani.

Bibi aliongea. Sauti ilikuwa nyembamba lakini maneno yalikuwa yamekaa sawa, kama ya mtu aliyeyapanga siku nyingi. Alisema, Zuhura, mimi ndiye niliyemzaa baba yako. Siku aliyozaliwa mvua ilinyesha tukashindwa hata kuwasha moto. Alikuwa mtoto wa kula ukoko kwanza, wali baadaye, na nilikuwa namfichia ukoko wake ndugu zake wasiuone. Alikuwa haogopi giza ila anaogopa kuku. Alisema, kanga nilizombebea mgongoni nimekuwekea, shangazi yako anajua zilipo. Alisema, nimekuridhia wewe na nimemridhia mama yako, popote mtakaposimama Mungu awasimamie. Usijione mtu huna kwenu. Kwenu ni hapa, na mlango haufungwi. Akasema tena jina lake, Zuhura, Zuhura, kisha akaishiwa pumzi ya kuongea, binti yake akachukua simu.

Zuhura na mama yake wakanigeukia.

Vijana wangu, Kichina changu ni cha sokoni. Kinajua kilo, rangi, saizi, punguza, kesho, rudisha. Mvua naijua, wali naujua, kuku namjua. Lakini ukoko anaofichiwa mtoto sijui unasemwaje, na radhi ya bibi sijawahi kusikia ikisemwa kwenye duka la jumla. Na hata hayo machache ninayoyajua hayakutaka kutoka. Nikashika meza. Nikasema yale yaliyotoka, maneno yanayochezwa kwenye nyimbo za madukani mchana kutwa.

"Bibi yako anasema anakupenda."

Zuhura akaitazama simu, akanitazama mimi. Akaniuliza kwa Kichina, taratibu, kwa adabu, "Ameongea muda mrefu hivyo. Amesema hilo tu?"

Nikamjibu ndiyo, hilo tu.